Kabla ya Kumwendea Shekhe wa Mbali



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia jirani yangu hapa Dodoma, daftari mkononi. Ni mtu wa makamo, mtumishi wa serikali, mmoja katika wale wengi waliohamia huku pamoja na ofisi zao tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhama Dar es Salaam kwa vitendo. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa Pangani aliyekwenda Kondoa kwa biashara, akaoa huko, na huko ndiko alikozaliwa mwenzetu huyu na kusomeshwa alifu na be. Akaniambia, "Ami, naomba unitazamie hesabu hizi. Nimenuia kwenda India."

Nilidhani ni matibabu, kwani watu wetu wengi huenda India kwa matibabu. Akasema la, kinachoumwa ni roho. Amesikia habari za shekhe mmoja mcha Mungu aishiye vilimani karibu na Ajmer, asiyetaka fedha wala sifa, na waliokaa naye husema wamerudi wakiwa watu wengine. Yeye anasali lakini moyo haupo kwenye sala. Anafunga lakini ulimi haufungi. Kwa miaka 3 amekuwa akiweka akiba. Anataka afike Ajmer mwezi wa Rajab, wakati wa hawli ya Khwaja Muinuddin Chishti, kisha akae kwa shekhe huyo siku arubaini.

Nikalifungua daftari. Kila kitu kimo: nauli ya treni ya umeme hadi Dar es Salaam, ndege hadi Mumbai, treni ya kule hadi Ajmer, viza, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, pa kulala, chakula, sadaka, hata bei ya kofia ya viua aliyokwisha kuinunua kuwa zawadi ya shekhe. Nilisoma kurasa 4. Nikazirudia. Kisha nikamwomba aniachie daftari siku chache, na ndizo siku zilizonifanya niandike haya, kwa kuwa najua katika nyumba zetu za pwani hakosi mtu mwenye daftari kama hili, likiwa si la India basi la Hadhramaut au la Lamu.

Tusiianze habari hii kwa kumcheka. Mtu aliyetambua kuwa moyo wake ni mkavu amekwisha kupata nusu ya dawa. Wengi wetu ni wakavu na hatuna habari. Na Ajmer si mahali pa kuzuka jana. Ni mji wa Rajasthan uliozungukwa na vilima vya Aravalli, na Khwaja Muinuddin aliyezikwa hapo alifariki mwaka 1236. Yeye mwenyewe alikuwa msafiri, aliyetoka Sijistan akamtumikia mwalimu wake kwa miaka mingi kabla ya kufika huko, na watu wakamwita kwa jina lenye maana ya mwenye kuwahurumia mafukara. Mfalme Akbar, aliyekuwa na tembo na farasi asioweza kuwahesabu, alitoka Agra mwaka 1570 akaenda Ajmer kwa miguu kushukuru baada ya kuzaliwa mwanawe, na safari hiyo yapita kilomita 350. Hadi leo yapo pale masufuria mawili makubwa mno, moja la Akbar na moja la mwanawe Jahangir, ambamo hupikwa chakula kikagawiwa watu.

Najua wako ndugu watakaosema kwamba kufunga safari kwa ajili ya kaburi hakufai, na watataja hadithi ya misikiti mitatu. Na wako watakaowajibu. Mjadala huo una wenyewe, na una vitabu vyake. Swali langu ni jingine, nalo lingebaki hata kama Ajmer pasingekuwa na kaburi lolote: mtu anayefunga safari kumtafuta mwalimu wa roho yake, atajuaje kama anamwendea Mola wake au anakikimbia kitu kilichoko nyumbani?

Kwamba elimu hufuatwa hapana shaka. Jabir bin Abdallah alisafiri mwendo wa mwezi mzima kumfuata Abdallah bin Unays kwa ajili ya hadithi moja tu. Na sisi wa huku tungekuwa wapi kama hakuna waliosafiri? Sheikh Uways wa Barawa alikwenda Baghdad akachukua ijaza ya Qadiriyya, akarudi, akafika Unguja zama za Sayyid Barghash, na kabla hajauawa mwaka 1909 dhikiri yake ilikwisha kuipanda njia ya misafara kuelekea Tabora. Njia hiyo ilipita hapahapa Ugogo. Wasafiri walivuka Marenga Mkali, nyika isiyokuwa na maji baada ya Mpwapwa, kisha wakawalipa watemi wa Wagogo hongo ndipo wapewe ruhusa ya kupita na kuteka maji. Nikiwa ndani ya basi lenye kiyoyozi, nikiutazama uwanda huu mwekundu na mibuyu yake, huwafikiria waliobeba juzuu kichwani kwa miguu. Lakini angalia jambo moja, msomaji: wengi wao walikuwa wakija kufundisha. Mtu wa bara hakumfuata shekhe. Shekhe ndiye aliyemfuata.

Ama safari kubwa kuliko zote za kumtafuta mwalimu ni ile ya Nabii Musa (A.S.), iliyomo katika Suratul Kahf. Twaisoma kila Ijumaa, na huenda kwa kuizoea hatuioni. Musa, Mtume aliyesemezwa na Mola wake, anaazimia kutembea hata miaka mingi mpaka afike zinapokutana bahari mbili, amwone mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye. Wanakutana. Mwalimu anamwambia tangu mwanzo kwamba hataweza kusubiri naye. Na kweli, mara tatu Musa anashindwa kunyamaza, na wanaachana.

Lakini yale matatu yalihusu nini? Mimi nimeyasoma tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza mpaka daftari hili liliponilazimisha. Jahazi lilitobolewa ili maskini wanaolifanyia kazi baharini wasinyang'anywe. Kijana aliuawa kwa ajili ya wazazi wawili waumini, asije akawatesa kwa uasi. Ukuta ulisimamishwa ili hazina ya mayatima wawili isipotee. Maskini, wazazi, mayatima! Musa alitoka mpaka mwisho wa nchi kumfuata mwalimu wa siri, na siri alizoonyeshwa zote zilikuwa ni haki za watu ambao kila mmoja wetu anao mtaani kwake.

Hapo ndipo nilipolirudia daftari na kukiona kilichokuwa kikinisumbua. Mama yake hayumo.

Mama huyo yuko Kondoa, mjane, magoti yamekufa ganzi. Nilipomwuliza atabaki na nani kwa miezi miwili, alisema, "Yuko msichana wa kazi, na majirani ni watu wema." Hakusema kwa ubaya. Ni mtu mwema. Ila alikuwa amehesabu hadi nauli ya kutoka stesheni ya Ajmer.

Sasa tupime. Hija ni nguzo, na Mwenyezi Mungu ameifaradhisha kwa mwenye uwezo. Wanazuoni walipoufafanua uwezo huo hawakuishia kwenye nauli; walisema alipe deni lake, na aache matumizi ya wanaomtegemea mpaka arudi. Asiyekuwa nayo, nguzo yenyewe haijamlazimu bado. Ikiwa Makka yenyewe inangoja nyuma ya mama, vilima vya Ajmer vitapitaje mbele yake?

Imamu Ghazali ni shahidi mzuri hapa, maana ugonjwa wake ulikuwa ndio huu wa jirani yangu. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa Baghdad, alijiona kwamba anafundisha kwa ajili ya jaha. Ulimi ukamfunga, chakula kikamkataa. Akaacha cheo akenda Sham. Lakini katika al-Munqidh anasimulia mwenyewe kwamba aliigawa mali yake akabakisha ya kumtosha na ya riziki ya watoto. Hata akiwa katika kuungua kule hakuwasahau. Na hao watoto ndio waliokuja kumvuta arudi kwao, wala hasemi kwamba kurudi huko kulikuwa ni kushindwa.

Kisha yuko Uways al-Qarani, ambaye jina lake ndilo alilopewa Sheikh wetu wa Barawa. Huyu aliishi Yemen zama za Mtume (S.A.W.), wala hakupata kumwona. Wanazuoni wanasema kilichomzuia ni kumtumikia mama yake. Fikiri: si shekhe wa vilimani aliyekosa kumwona, ni Mtume! Na katika Sahihi Muslim imo kwamba Mtume aliwatajia masahaba habari zake na wema wake kwa mamaye, akawaambia atakayempata amwombe amtakie maghufira. Na Sayyidna Umar, akiwa khalifa, akawa anawauliza watu wa Yemen kila wanapokuja, mpaka akampata. Hakusafiri, basi kheri ikamsafiria.

Na tusisahau yaliyotupata karibuni. Mwaka 2011 magari yalitoka kila mkoa kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mzee Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Foleni ilikuwa ya kilomita na kilomita. Wako waliofia humo, na wako walioacha dawa za hospitali. Mzee yule amefariki mwaka 2021, sina la kumsema. Nawasema waliokwenda, na Waislamu tulikuwamo, tusijifiche. Ukimwuliza mtu kwa nini unakwenda, alisema kwa kuwa wamekwenda wengi.

Nami sina haki ya kusema haya kama mtu aliyekaa pembeni. Nikiwa kijana Tanga nilikwenda Lamu kwenye maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Saleh. Bibi aliyenilea alikuwa na homa. Nilijiambia dada yupo. Maulidi yakaisha, nami nikaongeza siku 6 kwa utamu niliouonja, na niliporudi bibi alikuwa ana siku 3 kaburini. Sitadanganya kwamba Lamu haikunifaa. Mpaka leo kuna dua naiomba kwa sauti niliyoisikia kule. Lakini dada hakunilaumu hata kwa neno. Alinikabidhi ufunguo wa sanduku la bibi, akarudi jikoni.

Basi nilimpa jirani daftari lake, nikamweleza hayo ya Lamu, mengine nikayaacha. Nikamwuliza jambo moja tu: yule maalim aliyemsomesha Kondoa yu hai? Akasema yu hai, ila hajamwona mwaka wa 5 huu. Kutoka hapa hadi Kondoa ni kiasi cha kilomita 160, na tangu mwaka 2018 ilipozinduliwa barabara ya Dodoma hadi Babati ni lami tupu. Zamani tungesema vumbi.

Alikwenda Jumamosi. Maalim macho yamekwisha. Alimtambua kwa sauti, akamwambia, "Soma Kahf." Akasoma. Kwenye dhaadi akamsimamisha, akamrudisha mara 7, akisema herufi hiyo aliiacha sawa na aliyeiharibu hajulikani. Jirani alinisimulia hayo akicheka, kisha akaacha kucheka. Alimkuta mama yuko peke yake. Msichana wa kazi aliondoka tangu Shaabani, na mama hakutaka kumshughulisha.

Rajab hii hatakwenda. Ya mwakani anasema hajui, na mimi sikumshauri aende wala asiende. Daftari amelirudisha kwangu nilitazame tena: ukurasa wa kwanza, juu ya nauli ya treni, ameongeza mistari miwili kwa kalamu nyekundu, mmoja wa mama na mmoja wa maalim, na jumla imemshinda kwa laki kadhaa. Ile kofia ya viua bado imo kabatini kwake, ndani ya nailoni.