Imani Isiyodai Ishara

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa michezo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana. Walikuwa wakikimbilia mafuta ya upako yaliyomwagwa chini, wakitumaini kupona na kubarikiwa. Hatuwalaumu marehemu hao, twawaombea. Mgonjwa huchoka, na mzazi mwenye mtoto asiyepona huweza kwenda popote. Lakini hatuna budi kujiuliza: je, twamwamini Mungu, au twaamini maajabu yake tu?

Kanisa halikatai miujiza. Huko Lourdes, nchini Ufaransa, ambako Bikira Maria alimtokea Bernadette mwaka 1858, maponyo 70 na zaidi yamekubaliwa kuwa ni miujiza, baada ya madaktari kuyachunguza kwa makini. Walakini wagonjwa waliosali huko kwa machozi na kurudi na maradhi yao hawana idadi. Je, hao Mungu hakuwasikia? La hasha! Muujiza ni zawadi. Si deni tunalomdai Mungu.

Mafarisayo walimtaka Bwana Wetu ishara, akawanyima. Herode alitamani kuona ajabu, asijibiwe hata neno. Pale Kalvari walimdhihaki kwamba ashuke msalabani ndipo wamwamini. Hakushuka, na kwa kutoshuka kwake sisi tumekombolewa. Mtume Tomaso aliruhusiwa kugusa makovu, lakini heri walipewa wale wanaosadiki pasipo kuona, ndio sisi.

Wazee wetu katika imani walilielewa jambo hili. Mtakatifu Kizito, kijana mdogo kuliko wenzake, alibatizwa na Karoli Lwanga mwishoni mwa Mei 1886. Tarehe 3 Juni akachomwa moto Namugongo. Alikuwa Mkristo kwa siku chache tu. Moto haukuzimika, wala kamba hazikufunguka. Alikuwa na neno la Kristo alilofundishwa, na neno hilo likamtosha.

Basi, enyi baba na mama, mtoto akiugua mpelekeni hospitali, maana dawa nayo yatoka kwa Mungu. Mgonjwa akizidiwa, mwiteni padre ampe Mpako Mtakatifu. Salini Rozari pamoja nyumbani, na kuomba muujiza ombeni bila haya. Ila msiuze mbuzi wenu wa mwisho ili mnunue chupa ya maji kwa mtu aliyejiita nabii. Mgonjwa akipona, mshukuruni Mungu. Asipopona, msimwache Mungu, kwa kuwa Yeye hakuwaacha.

Kila Dominika padre huinua Hostia. Jicho laona mkate, ulimi waonja mkate, hata hivyo twapiga magoti, kwa sababu Kristo amesema. Tukiliamini neno lake altareni, tuliamini pia kando ya kitanda cha mgonjwa.