Mzigo wa Anayeshitaki

JUMATANO

Soma Kumbukumbu la Torati 19:15–19 na Yohana 7:50, 51. Ni nani anayedaiwa uthibitisho: anayeshitaki au anayeshitakiwa?

Nchini Uingereza, kesi kubwa za jinai huamuliwa na juri, yaani raia 12 wa kawaida. Hawa ndio wanaosema kama mshitakiwa ana hatia au hana. Kazi ya jaji ni kuwaeleza sheria kabla hawajaenda faraghani kushauriana: wazingatie ushahidi uliotolewa mahakamani tu, wala wasimtie mtu hatiani mpaka wawe na hakika.

Maelekezo hayo yakipotoka, uhai wa mtu huwa hatarini. Mwaka 1934 kijana mmoja mfanyakazi wa shambani, Reginald Woolmington, alimpiga risasi mkewe aliyekuwa amerudi kwa mama yake. Alidai kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Juri la kwanza lilishindwa kukubaliana. Katika kesi ya pili, jaji aliwaeleza wanajuri kwamba, ikishathibitika kuwa mke aliuawa kwa mkono wa mumewe, ni juu ya mume kuonyesha kuwa hakukusudia. Akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa wakati huo, lilitengua hukumu hiyo. Halikusahau kwamba binti mdogo alikuwa amekufa. Lilisema tu kwamba mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa upande wa mashitaka tangu mwanzo hadi mwisho, na ikibaki shaka ya maana, mshitakiwa aachiliwe.

Musa aliwafundisha Israeli jambo lililo karibu na hilo. Shahidi mmoja hatoshi. Waamuzi wachunguze kwa bidii. Shahidi wa uongo apate adhabu aliyomkusudia nduguye. Hata Mungu ajuaye yote, alipopata kilio cha Sodoma, alishuka kwanza kuangalia (Mwanzo 18:20, 21).

Kanisani mara nyingi hakuna wa kuwakumbusha washiriki maelekezo haya. Neno huanza kunong'onwa baada ya ibada, na kabla baraza la kanisa halijakaa, mshiriki amekwisha kuhukumiwa. Kisha yeye ndiye anayeambiwa athibitishe kwamba hakutenda.

Hata hivyo, mbele za Mungu mwenye dhambi haponi kwa sababu ushahidi umepungua. Vitabu vimefunguliwa (Danieli 7:10). Tumaini lake ni Wakili aliye kwa Baba (1 Yohana 2:1). Basi, aliyehurumiwa mahali ambapo makosa yake yote yamethibitika, atakuwaje mwepesi kumhukumu mwenzake kwa jambo ambalo halijathibitika?

Kumbuka habari mbaya ya mwisho uliyosikia juu ya mshiriki mwenzako. Je, yeye mwenyewe amesikilizwa? Utafanya nini kuhusu habari hiyo kabla ya Sabato?