Je, Mwonjaji Ana Haki ya Kudanganya?

Kwetu Teso, mashariki ya Uganda, ulezi hupandwa mvua za kwanza zinapoanza na huvunwa katikati ya mwaka. Mavuno yakishaingia ghalani, ndipo pombe yetu, ajon, huwa na ladha yake halisi, maana ulezi ni mpya. Sisi wanafunzi tunaporudi likizo hukuta vyungu vimejaa.

Shangazi yangu ni mpishi wa ajon. Huulowesha unga wa ulezi, akauacha uchachuke siku kadhaa, akaukaanga juu ya bati, akauanika juani, kisha akauchanganya na kimea na maji ndani ya chungu. Ikishaiva, wanywaji huketi kukizunguka chungu, maji ya moto yakiongezwa kila mara, na kila mtu ana mrija wake mrefu wenye kichujio kidogo nchani. Kwa pombe hiyo shangazi amenilipia karo tangu sekondari.

Mwaka jana, usiku wa kuamkia siku ya soko, aliniita jikoni. Alikuwa na mafua makali.

"Mwanangu, pua zimeziba, sisikii ladha yoyote. Onja, uniambie ikoje."

Nikavuta. Unga ulikuwa umeungua kwenye bati, na ule uchungu wa kuungua ulibaki kooni. Nikamtazama shangazi, macho yake mekundu kwa moshi na homa. Nikasema, "Tamu, shangazi. Tamu sana." Akacheka, akaenda kulala.

Kesho yake wanywaji walijaa uani. Walivuta mara moja, mara mbili, wakaweka mirija kando. Mzee mmoja akasema mbele ya watu wote kwamba pombe imeungua, wakahamia kwa jirani. Jioni shangazi alimwaga vyungu viwili. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na wewe hukuisikia?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Je, ni kosa kusema uongo kwa kumpenda mtu?

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika insha yake ya mwaka 1797, alishikilia kwamba hatuna haki ya kusema uongo kwa ajili ya huruma, hata muuaji akibisha hodi akimtafuta rafiki yetu. Tulipomjadili darasani nilimpinga, na bado nampinga. Nikialikwa chakula kwa mtu maskini, akaniuliza kama nimeshiba, nitasema nimeshiba hata kama njaa bado ipo. Yeye hatafuti habari za tumbo langu. Anataka kujua kama ukarimu wake umepokelewa, na jibu langu linamwambia kwamba umepokelewa.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hoja hiyo. Lakini usiku ule shangazi hakuwa mwenyeji, wala mimi sikuwa mgeni wake. Alikuwa fundi mbele ya kazi yake. Aliazima ulimi wangu kwa sababu wake ulikuwa haufanyi kazi, kama kipofu anavyomwuliza mtoto kama njia ina shimo. Hakuna adabu inayomruhusu mtoto huyo kujibu kwamba njia ni nzuri eti kwa sababu kipofu amechoka.

Mtu ataniambia kwamba ukweli nao ungemwumiza. Ni kweli. Lakini ungemwumiza jikoni, tukiwa wawili, na usiku mzima ukiwa mbele yetu. Angeweza kukopa chungu kimoja kwa jirani, au kuwaambia wateja wasije. Uongo wangu haukumwondolea maumivu. Uliyahamisha kutoka jikoni hadi uani, ukayaongezea aibu.

Tena nilimhurumia nani hasa? Nikijichunguza, naona niliogopa kuuona uso wake ukibadilika kwa sababu ya neno langu. Nilijihurumia mwenyewe, kisha nikaiita huruma hiyo upendo.

Waswahili husema, asifuye mvua imemnyea. Mimi mvua ilininyea, nikasema kuna jua. Sifa ya mwonjaji ina thamani kwa kuwa ameonja, na anayemwuliza huitegemea kama ushahidi. Kwa hiyo jibu langu ni hili: kabla ya kujibu "ikoje?", ni wajibu wetu kutambua mwulizaji anataka nini. Akitaka shukrani, tumshukuru. Akitaka ushahidi, hatuna haki ya kumpa shukrani badala yake.

Julai hii shangazi aliniita tena jikoni. Nikavuta, nikanyamaza kidogo. "Bado changa, shangazi. Ingoje siku moja zaidi." Akakunja uso, akakifunika chungu. Kisha akausogeza mrija kwenye chungu cha pili, akasema, "Haya, onja na hiki."