Je, Msanii Ana Deni kwa Watu wa Kwao?

Waswahili husema, "Mcheza kwao hutunzwa." Methali hii inatuambia kwamba anayecheza mbele ya watu wake hatoki mikono mitupu. Lakini haisemi lolote juu ya anayecheza ugenini, wala juu ya anayeamua kuacha kucheza. Je, mtu wa namna hiyo ana deni kwa watu wa kwao? Hili ndilo swali ninalotaka kulijadili katika insha hii, nikimchukua kama mfano mwimbaji mmoja wa Burundi, Khadja Nin.

Khadja Nin alizaliwa Bujumbura mwaka 1959, mtoto wa mwisho katika familia ya watoto wanane. Aliondoka nchini akiwa kijana, na mwaka 1980 akahamia Ubelgiji. Huko, akishirikiana na mpiga gitaa Nicolas Fiszman, alitoa albamu yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zikafuata Ya Pili mwaka 1994, Sambolera mwaka 1996 na Ya mwaka 1998. Ulikuwa muziki wa pop wenye midundo ya Afrika, muziki wa kucheza. Aliimba kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na wengi wa waliomnunua Ulaya hawakuelewa neno lolote la Kiswahili. Baadaye alijitenga na biashara ya muziki. Mwaka 2018 jina lake lilivuma tena, safari hii si kwa wimbo, bali kama mmoja wa majaji wa tamasha la filamu la Cannes.

Huku kwetu Rumonge, nyimbo zake zinapopigwa kwenye sherehe, watu wazima hufurahi kwanza kisha huanza kulalamika. Wako wanaosema kwamba aliichukua lugha yetu akaiuza ng'ambo. Wengine husema aliimba muziki wa raha wakati sisi tulikuwa tunazika. Na wengine, hasa wanaompenda, wanalalamika kwamba alinyamaza mapema mno. Lawama hizi tatu zina mzizi mmoja: wote wanaamini kwamba anadaiwa.

Basi tujiulize kwanza, deni ni nini? Kwa mtu aliyekulia kando ya ziwa Tanganyika, jibu liko kwenye daftari la duka. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali samaki hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi hulala ufukweni. Siku hizo familia hukopa unga, sabuni na chumvi, na mwenye duka huandika. Giza likirudi, mukeke na ndagala wakipatikana, watu hulipa. Deni la aina hii lina mambo matatu: anayetoa anajua kwamba anakopesha, anayepokea amekubali kwamba atalipa, na kiasi kinajulikana. Likilipwa, mstari unapigwa kwenye daftari na pande zote mbili ziko huru. Ndiyo maana tunasema dawa ya deni kulipa.

Sasa tuipime lugha kwa kipimo hicho. Kiswahili kilifika pwani hii katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara waliopitia Ujiji, kikaota mizizi Rumonge, Nyanza-Lac na Buyenzi. Hakuna aliyemkopesha Khadja Nin lugha hiyo, kama vile hakuna aliyetukopesha sisi. Hakuna aliyeandika kiasi wala tarehe ya kulipa. Katika Kirundi, kitu kinachotolewa bure hutolewa "ku buntu", na neno hilo linatokana na "ubuntu", yaani utu na ukarimu. Lugha tulipewa ku buntu. Anayetoa zawadi kisha, baada ya kuona mpokeaji amefanikiwa, akaanza kuidai, anaigeuza zawadi kuwa mkopo kwa nyuma. Kwa maoni yangu huo si uadilifu, hata kama mpokeaji amekuwa tajiri.

Katika Sambolera kuna wimbo uitwao "Sina Mali, Sina Deni". Jina hilo peke yake lingeweza kuwa jibu la lawama zote tatu. Hata hivyo, wimbo huo umejengwa juu ya "Free", wimbo wa Stevie Wonder. Kwa hiyo hata anayetangaza kwamba hana deni anatangaza kwa sauti aliyoipata kwa mwingine. Sioni unafiki hapo. Naona ukweli kwamba kuna mambo tunayopokea ambayo hayalipiki. Hayo tusiyaite deni, tuyaite fadhila. Deni hurudishwa kwa aliyelitoa, lakini fadhila hupelekwa mbele, kwa yule anayekuja baada yako. Mtoto wa Rumonge aliyesikia Kiswahili chake kikiimbwa redioni, wakati huku nchini kumwita mtu "Mswahili" mara nyingi ni kumtukana, alipelekewa fadhila hiyo.

Huenda msomaji akapinga: kama hakuna deni, basi kila aliyeondoka ana ruhusa ya kutusahau. Mwaka 1996 ulikuwa mwaka wa vita na wa mapinduzi, na nchi jirani zilituwekea vikwazo vya biashara. Je, aliyekuwa salama hakuwajibika kwa lolote? Aliwajibika, lakini si kwa sababu ya deni. Ukimwona mtu anazama ziwani, unamvuta kwa sababu anazama, si kwa sababu aliwahi kukukopesha. Wajibu huo unatokana na shida ya mwenzako na uwezo wako, na unamhusu mwimbaji kama unavyomhusu daktari au mfanyabiashara. Kidum, aliyehamia Nairobi katika miaka ya 1990, ameimba sana juu ya amani ya Burundi, nasi tunamshukuru. Lakini tunamshukuru kwa sababu hakuwa analipa. Hakuna anayemshukuru mteja kwa kulipa anachodaiwa.

Swali hili si la wasanii tu. Kaka yangu yuko ng'ambo, na karo yangu ya chuo inatoka kwake. Simu zake nyumbani hujaa majina ya watu wanaomwambia, "Tulikulea, usitusahau." Anatuma anachoweza, na kila akituma daftari linaanza upya, maana halikuwa na kiasi tangu mwanzo. Nimemsikia sauti ikichoka. Ninapoomba karo ninaomba kama mwenye shida, si kama mwenye kudai, na akisema mwezi huu hana, sina haki ya kumwita mtovu wa shukrani. Nikimaliza masomo, nami nitaambiwa maneno hayohayo.

Kwa kumalizia, msimamo wangu ni huu: Khadja Nin hana deni kwetu, si la wimbo mmoja zaidi, wala la kueleza kwa nini alinyamaza. Tuliobaki na lugha hii kando ya ziwa ndio tulioachiwa fadhila mikononi, na kazi ya kuipeleka mbele ni yetu.