Mahaba ya Mtazamaji

Miongoni mwa maswali ambayo mtu mwenye kuhesabu umri wake hana budi kuyakabili ni hili: je, yafaa mja, aliyepewa siku chache na kuahidiwa kuulizwa jinsi alivyozitumia, kukipenda maisha yake yote kitu kisichomlisha, kisichomvika, wala kisichomjua? Nauliza kwa ajili ya wapenzi wa mbio za magari, nami ni mmoja wao, niliyekulia mitaa ya Mnazi Mmoja, jirani na Kariakoo, ambako kila kitu, tangu embe hadi spea ya gari, kina bei yake, na ambako kijana hufunzwa mapema kupima faida ya bidhaa kabla ya kuitia mkono.

Mbio zilizotushika roho zilianza mwaka 1953, zikaadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika; baadaye ziliitwa East African Safari, zikawa zinafanywa Pasaka, msimu ambao masika huzigeuza barabara za udongo kuwa tope lisilo huruma. Magari ya miaka ile ya kwanza yalikuwa ya namna ile ile iliyouzwa madukani, nayo yaligawanywa madaraja kwa bei, si kwa ukubwa wa injini. Kwa hiyo fundi wa Gerezani, aliyeshinda mchana kutwa chini ya Peugeot 404 ya mteja, alijua kuliko mwandishi yeyote wa gazeti ni adhabu gani iliyozipata springi za gari la aina hiyo katika milima ya Usambara. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vile vile. Na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, katika Peugeot 404. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva, alishinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo lililokwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia. Majina haya mafundi wetu waliyataja kwa taadhima, kama watajavyo wakubwa wa ukoo.

Wako wanaosema kwamba haya yote ni upuuzi na israfu, na hoja yao siidharau, maana mafuta huteketea, vyuma huvunjika, na roho za watu hutiwa hatarini. Lakini imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ngamia jike, Al-Adhbaa, asiyepitwa mbioni, hata akaja bedui juu ya ngamia wake kijana akampita, na jambo hilo likawawia zito Waislamu. Ndipo Mtume akawafahamisha kwamba kila kinachoinuka katika dunia hii Mwenyezi Mungu amejiwekea haki ya kukishusha. Kilichonishughulisha miaka mingi ni ile huzuni ya Masahaba. Katika riwaya hiyo hatusomi kwamba walikemewa kwa kumhuzunikia ngamia. Huzuni yao ilipokewa kama ilivyo, ikafanywa mlango wa maarifa.

Nasi mlango huo ulitufungukia mwaka 1972, mbio zilipoanzia hapa hapa Dar es Salaam. Tangu 1953 hapakuwa na mgeni aliyezishinda, na tulikwisha kuamini kwamba mvua na barabara zetu hazimtii ila mwenyeji. Akaja Hannu Mikkola wa Finland, pamoja na Gunnar Palm, katika Ford Escort, akaiondoa fakhari ile. Tulihuzunika sana, na huku tukimstahi kwa dhati, kwa kuwa aliyekipenda kitendo chenyewe hawezi kukikana kwa sababu kimetendwa vyema na mkono usio wake.

Tena mtazamaji wa mbio ndefu karibu haoni mbio. Husimama kando ya njia tangu alfajiri, gari likampita kwa kufumba na kufumbua, likamwachia vumbi au matope, na yaliyobaki, yaani maelfu ya maili, usiku, mito iliyofurika, dereva na msoma ramani wake wakisukuma gari kwa mabega, huyajua kwa habari na kwa kuwaza tu. Sithubutu kuyalinganisha mahaba haya na imani. Nasema tu kwamba nafsi iliyozoea kupenda kwa namna hii, bila kumiliki na bila kuona sehemu kubwa ya inachokipenda, imefanya mazoezi ambayo soko haliwezi kuipa, na Ghazali mwenyewe hakuukataza moyo mapumziko ya mchezo, maadamu hayakumsahaulisha mtu faradhi zake.

Katika miaka ya sabini mbio zile zilibaki Kenya peke yake, nasi tukabaki na redio. Mwaka 2021 zilirejea katika ubingwa wa dunia, baada ya kukosekana tangu 2002, na wazee wa gereji walizifuatilia kwa shauku ile ile, ingawa magari ya leo hayanunuliki dukani. Hao ninawatetea. Anayeweka fedha juu ya dereva, kama vijana wa mitaa hii wawekavyo leo juu ya mpira, simtetei, wala si kwa sababu kamari ni haramu tu: huyo ameurudisha uwanja Kariakoo, na gari likimpita hatazami tena linavyoendeshwa, anatazama limemletea nini.