Khabari ni Haki ya Asiyeona na Asiyesikia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, mwakijua kisa cha Sura ya Abasa, nayo ni ya 80. Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitaraji wasilimu, akamjia Ibn Ummi Maktum, mtu asiyeona, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, na hapo zikateremka Aya za kumtanabahisha kuwa huyu ndiye aliyestahiki kusikilizwa. Wengi huishia hapo, wala hawatazami mtu huyu alikuwa nani huko Madina.

Alikuwa mwadhini. Bilali aliadhini usiku ungalipo, na watu wakaendelea kula daku. Adhana ya Ibn Ummi Maktum ndiyo iliyowazuia. Naye hakuadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha. Basi zingatieni: wenye macho walimpa khabari asiyeona, naye akaupa khabari mji mzima. Hakuwekwa mlangoni aombewe sadaka. Aliwekwa mahali pa kutangaza.

Na leo je? Mara nyingi magazeti humkumbuka kipofu au kiwete ifikapo Ramadhani, yakapiga picha ya mkono wake ulionyoshwa. Haulizwi juu ya bei ya unga, wala skuli ya wanawe, wala kura yake. Hufanywa khabari, wala hafanywi mpasha khabari.

Wala si watu wachache. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta katika Kenya zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2003 iliamrisha televisheni ziweke mkalimani wa lugha ya ishara, au maandishi, katika taarifa zote za khabari. Na Katiba ya 2010 ikaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya pamoja na Breli, yaani maandishi ya nukta yasomwayo kwa vidole. Lakini mkalimani akiwekwa katika kijisanduku pembeni, mikono yake isionekane vyema, amri imetimizwa kwa jina tu. Ulipoingia ugonjwa wa korona mwaka 2020, barakoa zilificha midomo, na kiziwi aliyezoea kuisoma akafungiwa mlango huo pia, nazo zilikuwa khabari za uhai na mauti.

Imepokewa kuwa mtu asiyeona aliomba ruhusa ya kusali nyumbani, kwa kuwa hana wa kumwongoza. Mtume (S.A.W.) akamwuliza kama huisikia adhana, aliposema ndiyo, akamwambia aitikie. Twaona kuwa wajibu ulifuata mwito uliomfikia. Basi yule ambaye mwito haukumfikia kwa kuwa umezibwa na mikono ya watu, dhima yake i juu ya nani?

Dawa nyingine hazina gharama. Siku hizi simu humsomea asiyeona maandishi kwa sauti, lakini tangazo la maziko likipelekwa kwa picha, mara nyingi simu hushindwa kulisoma, naye akaikosa jeneza ya jirani yake. Andikeni maneno pamoja na picha. Kamati za misikiti na zitafute ajuaye lugha ya ishara, asimame mbele siku ya Ijumaa mahali penye mwangaza. Wenye magazeti na redio na waajiri waandishi walio walemavu, waandike khabari zote, si za ulemavu peke yake. Nawe uliyeshika karatasi hii, msomee asiyeona aliye karibu nawe. Kisha umwulize rai yake, na umsikilize.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.