Ukuta na Blanketi

Mwenye nguvu mpishe, walinena wahenga. Ni shauri jema, maana anayeshindana na asichokiweza hupoteza siku yake bure. Lakini mtu aliyepita maisha yake yote akiwapisha wenye nguvu, je, twaweza kumwita mwema? Swali hili limenikaa moyoni tangu mjukuu wangu alipounda roboti hapa nyumbani.

Aliiunda kwa kipande cha dumu la mafuta ya kula, mota mbili, betri, na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Mbele ina vitu viwili vya mviringo mfano wa macho. Kwa hakika ni kinywa na sikio: kimoja hutoa sauti, cha pili hungoja mwangwi. Sauti hiyo hutetema mara 40,000 hivi kwa sekunde, nasi binadamu hatusikii zaidi ya 20,000. Popo naye hujiongoza gizani kwa njia hiyo. Kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, mwangwi wa ukuta ulio sentimita 34 mbele hurejea baada ya sehemu mbili tu za elfu moja ya sekunde. Roboti hupiga hesabu, husimama, kisha hugeuka. Ubavuni mjukuu aliizungushia vitaa vya rangi, ambavyo havina kazi ila kupendeza.

Majirani walipoiona ikikwepa kuta huku inametameta, walisema ina akili. Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1948 na 1949 mtaalamu wa ubongo, W. Grey Walter, aliunda huko Bristol, Uingereza, kobe wawili wa umeme, Elmer na Elsie. Walivizunguka vizuizi baada ya kuviguza kwa gamba lao. Kitaa cha mbele kiliwekwa kuonyesha tu kwamba mota ya usukani inazunguka. Lakini kobe alipofika mbele ya kioo, kitaa kikawaka na kuzimika, naye akayumbayumba kana kwamba amejitambua. Binadamu tu wepesi wa kusadiki taa.

Siku moja tulitundika blanketi kitini. Roboti iliyokuwa ikiukwepa ukuta kwa adabu ililiendea blanketi moja kwa moja ikaligonga. Sababu yake ni nyepesi: kitu kigumu hurudisha sauti, kitu laini huimeza. Kwa roboti, kisichorudisha mwangwi hakipo.

Hapo nilikumbuka miaka ya kukagua mazoezi ya kufundisha, nikiwa nimeketi nyuma ya madarasa ya watu. Nilimwona mwalimu kijana akimrekebisha kwa upole mtoto wa mkubwa mmoja, kisha kwa kosa lilo hilo akamchapa yatima aliyeketi dawati la pili. Mwalimu yule hakuwa katili. Alijua tu ni mtoto gani ambaye baba yake angefika shuleni kesho yake asubuhi. Ukuta aliusikia; blanketi hakulisikia.

Mtu aweza kunijibu kwamba hofu nayo hufunza, na kwamba aliyezoea kukwepa kwa hofu mwisho huzoea kukwepa kwa hiari. Yamkini ni kweli kwa baadhi yetu. Hata hivyo hofu hutufunza kuhusu wale tu wawezao kutudhuru. Mtumishi wa nyumbani, mgonjwa asiye na ndugu, mjane asiyejua kusoma hati ya shamba lake: hao hofu haiwataji kabisa. Tena aghalabu anayewagonga ndiye mwenye taa nyingi ubavuni, yaani sifa, vyeo na maneno matamu ya jukwaani.

Mjukuu wangu hakuigombeza roboti. Aliifungia mbele swichi ya kugusa, ili isimame na kurudi nyuma hata inapokutana na kitu laini. Roboti haiwezi kujiongezea kiungo hicho, yahitaji muundaji. Sisi twaweza, kwani tumepewa uwezo wa kuuliza habari za asiyelalamika. Basi anayetaka kuijua tabia yake asihesabu kuta alizozikwepa. Na aulize ni nani aliowagonga, asisikie kitu.